Mtaa mzima unaniita Balozi, mjomba anataka niwe karani wa forodha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mwaka 2023 nilihitimu shahada ya kwanza ya uhusiano wa kimataifa huko Dodoma, daraja la pili la juu. Siku ya mahafali mama na shangazi zangu walikodi Noah, wakaja na sare zao na vigelegele. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Balozi. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Siku hizi nikitumwa sokoni napita vichochoro vya nyuma, maana nikipita njia kubwa hakosekani mtu wa kuuliza, "Balozi, unaondoka lini?"

Kazi nimeomba mpaka nimechoka. Nafasi za serikalini niliitwa usaili wa mchujo, nikasafiri usiku kucha, nikakuta umati wa watu wenye vyeti kama vyangu. Sikuvuka. Baadaye nikapata pa kujitolea kwenye shirika moja lisilo la kiserikali, mradi wa vijana. Mwaka 2025 fedha za Marekani zilipokatwa mradi ukafa, tukaagwa kwa soda na biskuti. Nikarudi kukaa barazani.

Sasa kuna mambo matatu yananivuta kila upande.

La kwanza ni mjomba. Ana ofisi ndogo ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Anataka nikae pale niwe karani wa nyaraka kwa laki mbili na nusu kwa mwezi na chakula cha mchana. Nilikwenda wiki moja kumridhisha. Kazi yenyewe ni kupanga mafaili, kuchapa, kukimbizana na mihuri. Siku moja akaja mzee wa Kingazija anayesafirisha mbuzi kwenda Moroni, kule Komoro, ana kibali cha kuingiza mifugo kilichoandikwa Kifaransa, ofisi nzima hakuna anayekielewa. Nikamsomea kwa Kifaransa changu cha pale chuoni. Kumbe kile kibali kinataka mbuzi wapimwe na daktari wa mifugo kabla ya kupakiwa, na mzee alishawapeleka karibu na gati bila kuwapima. Wote wakaanza kupiga simu huku na huku. Mjomba akacheka, akaniambia, "Kumbe ulisoma kweli!" Shangazi, iliniuma. Miaka mitatu nimesoma siasa za dunia, nije niishie kusoma karatasi za mbuzi?

La pili ni mama. Ana kiwanja Pongwe alichoachiwa na marehemu baba. Anasema tukiuze nikasome shahada ya uzamili, kwa kuwa siku hizi digrii moja kila mtu anayo.

La tatu ni kaka mmoja wa kwenye kundi letu la WhatsApp la wahitimu. Anasema ana mtu wake Geneva, Umoja wa Mataifa, na kuna nafasi za vijana kutoka Afrika. Anataka milioni moja na laki nane ya kufungulia faili, na mwisho ni mwezi huu. Amenitumia barua yenye nembo kabisa. Mama hajui.

Na juu ya yote hayo Bodi ya Mikopo imeshaanza kunitumia ujumbe. Naomba uniambie ukweli, Shangazi: shahada hii ina kazi, au nilidanganywa? Nimeambatanisha wasifu wangu.

Ni mimi,
Balozi Asiye na Kituo, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyo kaka wa Geneva, maana ndiye mwenye haraka. Usimpe hata shilingi. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira, iwe kuomba, kusailiwa au kupewa mafunzo, na umeshatangaza hivyo waziwazi. Nafasi zake huwekwa hadharani kwenye tovuti yake, mtu anajaza mwenyewe kwa jina lake, na hakuna faili linalofunguliwa kwa kutuma pesa kwenye simu. Hiyo barua yenye nembo, mtoto wa kidato cha pili anaitengeneza akiwa kwenye daladala. Ukiona mtu anakupa kazi halafu anakupa na tarehe ya mwisho ya kulipa, ujue kazi ni wewe mwenyewe. Kama ulishamtumia chochote, hata kama ni elfu hamsini ya "kuonesha nia", hifadhi mazungumzo yote na namba zake uende polisi. Na mama mwambie leo, kabla hajaanza kusikia kwa watu.

Ukitaka kupita mlango wa kweli wa Umoja wa Mataifa, upo, ila ni mwembamba. Kuna mtihani wa vijana wataalamu, YPP. Wanataka shahada ya kwanza na umri usiozidi miaka 32, na kila mwaka hutoa orodha ya nchi na ya fani zinazoruhusiwa mwaka huo. Kwa hiyo una muda, na kazi yako ni kuangalia orodha ikitoka kama Tanzania imo. Kuna pia UNV, mpango wa watu wa kujitolea, ambao hulipa posho ya kujikimu na huwa na nafasi za kitaifa za Watanzania peke yao. Hizo ndizo ningezifukuzia kwanza kuliko zile unazogombea na dunia nzima.

Sasa kuhusu kama ulidanganywa. Hukudanganywa, ila hukuambiwa jambo moja. Aliyesoma udaktari akimaliza kazi yake ina jina, na mhandisi vivyo hivyo. Ya kwako haina jina. Hutaona tangazo limeandikwa "anatakiwa mtu wa uhusiano wa kimataifa" ukiondoa lile la Afisa Mambo ya Nje daraja la pili, na hata hilo huwaita pia watu wa sheria, uchumi na sayansi ya siasa. Ndiyo maana ule ukumbi ulijaa. Lakini zipo kazi nyingi ambazo ndani yake mnakaa nyinyi bila tangazo kuwataja: afisa nyaraka, afisa mauzo ya nje, mtu wa kukagua uhalali wa mikataba na malipo benki, afisa mahusiano na jamii kwenye mradi mkubwa, mratibu wa miradi, mkalimani. Anayeandika tangazo hajui kuwa anakutaka. Wewe ndiye wa kumwonesha.

Na watu wetu waliofika mbali huko duniani, wengi walibeba ujuzi mwingine mkononi. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, ni mwanasheria. Anna Tibaijuka, aliyeongoza UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, mpaka 2010, ni mchumi wa kilimo. Dunia iliwaita kwa sababu kuna kitu walikuwa wanakijua mpaka ndani. Wewe una dunia lakini bado huna kitu. Nakwambia hivyo bila kukukejeli. Ndivyo shahada hiyo ilivyo, hapa na kwingineko.

Hapo ndipo ninapofika kwa mjomba wako, na naomba usikasirike, kwa sababu nimeisoma ile habari ya mbuzi mara mbili.

Hebu iangalie upya. Nchi moja imeweka sharti la afya ya wanyama kwa bidhaa inayotoka nchi nyingine. Sharti liko kwa lugha ya kigeni. Mfanyabiashara halijui, wakala wake halijui, na mzigo uko tayari kupakiwa. Nchi zina haki ya kuweka masharti kama hayo, na Shirika la Biashara Duniani lina mkataba mzima unaosema yawekwe vipi ili yasigeuke kuwa kisingizio cha kuzuia biashara. Bila shaka ulifundishwa, ukajibu swali kwenye mtihani, ukasahau. Ile siku pale ofisini ulikutana nalo likiwa na pembe na kwato. Mbuzi wale wangefika Moroni bila vipimo, mzee angepata hasara ambayo isingesahaulika Forodhani wala Ngazija. Wewe uliona ni aibu. Mimi ningekuwa mjomba wako nisingecheka, ningekupandishia mshahara palepale.

Ofisi ya wakala wa forodha ni mojawapo ya mahali pachache hapa mjini ambapo mambo uliyosoma yanapita kila siku yakiwa kwenye karatasi. Chukua huo Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki. Chuoni ulikariri kuwa itifaki yake ilisainiwa 2004 ikaanza kazi 2005. Pale kwa mjomba utaukuta kama namba. Kila bidhaa ina msimbo. Tarakimu sita za kwanza ni zilezile dunia nzima, zinatoka Shirika la Forodha Duniani, halafu Jumuiya yetu inaongeza mbili. Ukishapata msimbo unajua bidhaa iko kwenye kundi gani la ushuru wa pamoja: asilimia 0, 10, 25 au 35. Hiyo ya 35 iliongezwa mwaka 2022, na nyuma yake kuna mabishano ya nchi na nchi, nani alinde kiwanda chake cha samani na nani apandishiwe bei ya fenicha. Ukikosea msimbo mteja analipa zaidi, au analipa kidogo kisha wanamrudia na faini. Hiyo ndiyo siasa ya mtangamano, mwanangu. Profesa wako aliifundisha kwa jumla. Karani mzuri anaijua kwa bidhaa moja moja.

Halafu kuna uasili wa bidhaa. Mzigo wa Tanga ukienda Mombasa kupitia Horohoro, nani anathibitisha kuwa ni wa Tanzania ili usitozwe ushuru? Kuna cheti cha uasili wa bidhaa, na kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi ambacho mama mwenye gunia za vitunguu anaweza kukipata palepale mpakani. Wanawake wangapi wa Duga Maforoni na Mkinga wanakijua? Wengi bado wanapitia njia za panya, wananyang'anywa mali, wakati sheria iko upande wao. Ukikaa mwaka mmoja ukazijua kanuni za Jumuiya, ukazijua za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika (Komoro nayo imo humo siku hizi), ukaanza na za Eneo Huru la Biashara la Afrika lililofungua biashara Januari 2021, utakuwa na kitu ambacho wahitimu wengi wenzako hawana. Wao watasema wanaujua mkataba. Wewe utasema unajua kutumia kifungu chake kumwokolea mteja pesa.

Na usiione Tanga kama mahali pa kusubiria basi. Mpaka juzi juzi meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, mzigo unaletwa gatini kwa matishari, kwa sababu kina cha gati kilikuwa mita 3 hivi. Sasa kimechimbwa hadi mita 13 na meli zinafunga gatini. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, wenye hisa wakiwa kampuni ya Kifaransa, kampuni ya Kichina na mashirika ya serikali mbili za Afrika. Kazi za kuchimba mitaro huisha mradi ukikamilika, lakini kazi za mikataba, nyaraka, meli na mahusiano na vijiji hubaki. Mkonge wetu unakwenda China, unakwenda Nigeria. Huo mkonge wenyewe, kama hujui, uliletwa na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893: miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Asili yake ni Mexico. Sijui kama chuoni walikufundisha hilo, lakini mimi naliona ni uhusiano wa kimataifa kuliko hotuba nyingi.

Viungo vya Amani na Muheza navyo vina wanunuzi nje: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa katikati anayejua kumwandikia mnunuzi wa Hamburg au Dubai barua inayoeleweka, kujua cheti cha afya ya mimea kinatolewa na nani, kujua mzigo utalipwa kabla au baada ya kupakiwa na nani anabeba hasara ukiharibika njiani. Wakulima wapo, mzigo upo, na meli siku hizi zinafika.

Sasa, nimesema nenda kwa mjomba. Sikusema uende kama ulivyokwenda mwanzo. Undugu ndio unaoharibu kazi za namna hii: mpwa anaonekana wa bure, leo anaandika barua, kesho anatumwa kununua luku, keshokutwa anapeleka watoto madrasa. Kaa naye, tena mama awepo kama itasaidia, umwombe mambo yafuatayo kwa heshima lakini kwa maandishi. Mkataba wa kazi wenye cheo, mshahara na muda. NSSF. Ruhusa ya kufuata faili moja mwanzo mpaka mwisho, tangu ankara inafika mpaka mzigo unatoka getini, badala ya kupewa vipande vya kupiga mihuri. Na akusaidie kusoma cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha kinachotolewa kwa ushirikiano wa Chuo cha Kodi na chama cha mawakala. Si kozi ya miaka, na kinatambulika katika nchi za Jumuiya. Hata yeye kinamfaa, maana ofisi ya uwakala inahitaji watu wenye cheti hicho.

Kuhusu hela, piga hesabu kabla ya kuitikia. Bodi ya Mikopo huanza kudai miezi 24 baada ya kumaliza masomo, nawe umeshafika. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye laki mbili na nusu hiyo ni 37,500. NSSF ukichangia asilimia 10 ni 25,000. Kodi ya mshahara hapo haikugusi, kwa kuwa inaanza juu ya 270,000. Unabaki na 187,500. Mweleze mjomba hesabu hiyo kama ilivyo, umwombe aanzie juu zaidi au akubali kuupitia mshahara baada ya miezi sita ukishajua kazi. Akikataa mkataba kabisa, hapo tutazungumza tena. Lakini usikatae kazi kwa sababu ya jina la karani.

Kitu kimoja sitaki ukichukulie mzaha. Kazi ya forodha ina vishawishi. Usisaini tamko la mzigo ambao hujaona nyaraka zake. Usimpe mtu nywila yako ya mfumo, hata awe mjomba, hata aseme ni dakika mbili. Ukiambiwa uandike thamani ya chini kuliko iliyo kwenye ankara, kataa na uweke kumbukumbu. Kosa la namna hiyo likikushika, wizara haitakugusa wala Umoja wa Mataifa, na kile cheti cha daraja la pili la juu hakitakusaidia.

Kiwanja cha Pongwe kiacheni. Mama anakupenda na anaona mbali, lakini hapa amekosea. Uzamili bila uzoefu utakurudisha barazani palepale ukiwa na deni na bila kiwanja. Ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Jumuiya kule Arusha au ya SADC kule Gaborone, utaona kinachowatupa nje vijana ni miaka ya kazi kabla hata ya digrii ya pili. Na uzamili wa bure upo kwa anayejiandaa. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza unataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, karibu miaka miwili, na zinahesabiwa hata zile za kujitolea. Kwa hiyo miezi yako ya ule mradi uliokufa haikupotea. Iandike, tafuta barua kutoka kwa msimamizi wako wa zamani kabla hajahama namba. Ongeza miaka miwili ya bandarini, kisha andika maombi ukieleza habari ya vyeti vya uasili na wale kina mama wa Horohoro. Wanaosoma maombi wamechoshwa na watu wanaotaka "kuleta mabadiliko barani Afrika". Wewe utakuwa na jambo. Ujerumani nayo ina ufadhili wake wa masomo kupitia shirika lake la DAAD, na Tanga ina urafiki na mji wa Eckernförde tangu 1963, hivyo jina la Tanga si geni kabisa huko.

Ukitaka masomo ya karibu, Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa pale Kurasini, kilichoanzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji na sasa kinabeba jina la Dk. Salim Ahmed Salim, kina stashahada ya uzamili. Hiyo ni safari fupi kuliko shahada nzima. Lakini nayo si ya mwaka huu.

Cha mwaka huu ni lugha. Kifaransa chako kimeshalipa mara moja, kirudie kila siku. Burundi, Kongo na Komoro zote zinakitumia, na mizigo yao inapita kwetu. Kama madrasa ilikuachia Kiarabu cha kusoma, kifufue. Kiswahili chako usikidharau vilevile: kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu 2019 na Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, inafundisha na kusajili wakalimani na walimu wa Kiswahili kwa wageni. Si kazi ya kukulisha kesho asubuhi, ila ni ya kufanya jioni na Jumamosi, na ndiyo inayokukutanisha na watu.

Serikalini endelea kuomba. Mtu akivuka usaili akakosa nafasi huingizwa kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa baadaye, kwa hiyo kwenda kusailiwa si kupoteza nauli. Ukipeleka maombi usiweke hati ya matokeo ya muda, hawaikubali. Weka cheti chenyewe. Na usisubiri nafasi yenye jina la wizara moja. Soma tangazo zima, hasa kile kifungu cha "au fani nyingine zinazolingana".

Watu wa mtaani watakuita Balozi mpaka watakapopata mwingine wa kumwita. Anayekuuliza unaondoka lini mjibu kuwa umepata kazi bandarini, uendelee na safari yako ya sokoni kwa njia kubwa. Tanga hii nusu ya wanaokuuliza wana mzigo wao wenyewe wa kutoa. Utashangaa nani atakuja ofisini kwanza.

Wasifu wako nimeusoma. Ni kurasa nne, punguza ziwe mbili. Ile sentensi ya juu inayosema lengo lako ni kuwa mwanadiplomasia mahiri ifute, na mahali pake uandike unachoweza kufanya: nyaraka za kusafirisha mizigo, Kifaransa cha kusoma, kuratibu vijana. Mada ya utafiti wako wa mwaka wa mwisho, biashara ya mpakani kati ya Tanzania na Kenya, umeificha ukurasa wa tatu chini ya "mambo ninayopenda"; ipandishe juu kabisa, maana ndiyo itakayomfanya mtu akuite. Ondoa dini, kabila na picha ya mahafali. Wadhamini watatu weka, lakini waombe ruhusa kwanza, na mmoja asiwe mjomba. Na ile anwani ya barua pepe yenye neno "kibebi", mwanangu, fungua nyingine leo hii yenye jina lako.

Shangazi